Kikaragosi Kinachokiri Kuwa Kikaragosi: Kipindi cha XYZ cha Nairobi na Makanisa Yetu ya Mashariki



Vijana wengi wa huku kwetu Lwiro, Katana, Kavumu na hata mjini Bukavu wameona kwenye simu vipande vya video vyenye sanamu za mpira. Sanamu hizo zina nyuso za wakubwa wa Kenya: vichwa vikubwa, midomo mipana, mashavu yanayotikisika. Wengine hucheka na kuzituma kwa rafiki. Wengine hudhani ni mchezo wa watoto. Na wengine hutuuliza swali ambalo si dogo: je, ni ruhusa mkristo kumcheka mkubwa wa nchi?

Tumeona vema tueleze kipindi hicho ni nini, kilitoka wapi, na kwa nini watu wanaojua mambo ya televisheni husema kilitangulia wakati wake. Tunafanya hivyo kwa sababu ya jambo linalotugusa sisi wenyewe katika siku hizi. Katika sehemu zetu, video moja ya uongo inaweza kufukuza kijiji kizima usiku, au kumtia mtu asiye na kosa katika hatari ya kuuawa. Kipindi hiki cha kuchekesha kinaweza kutusaidia kutofautisha uso wa bandia unaotuambia ukweli na uso wa bandia unaotudanganya.

Kipindi chenyewe

Kinaitwa The XYZ Show. Kilianza mwezi wa tano mwaka 2009 kwenye kituo cha Citizen TV cha Nairobi, na baadaye kikaonyeshwa kwenye vituo vingine na kwenye intaneti. Mtu akifungua televisheni katikati ya kipindi, kwa nukta chache angeweza kufikiri kwamba ni habari za jioni. Kuna meza, kuna muziki wa habari, kuna mtangazaji aliyevaa suti na kufunga tai. Lakini mtangazaji huyo ni wa mpira. Jina lake ni Keff Joinange.

Mkenya yeyote alielewa mara moja. Yupo mwandishi wa habari wa kweli anayeitwa Jeff Koinange, aliyekuwa zamani mjumbe wa CNN katika Afrika. Watengenezaji walibadilishana tu herufi mbili za kwanza za majina yake, J na K, wakapata mtu mpya. Keff Joinange ndiye aliyekuwa akikaribisha wageni, akitangaza mambo ya juma, na kuuliza maswali ambayo watangazaji wa kweli walikuwa hawathubutu kuyauliza.

Wageni wenyewe walikuwa wanasiasa wa mpira. Wakati ule Kenya ilikuwa na serikali ya vichwa viwili: Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, waliokuwa wameshindana katika uchaguzi na kisha kulazimika kukaa katika nyumba moja. Vikaragosi vyao vilikuwa kama mume na mke waliochokana lakini hawana pa kwenda. William Ruto na Uhuru Kenyatta walikuwamo pia, na hata Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Hapakuwa na kabila wala chama kilichoachwa nje. Huo ulikuwa msingi wa kipindi: kila mkubwa atapata zamu yake.

Aliyekianzisha

Mwanzilishi ni Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kwa jina la Gado. Si Mkenya kwa kuzaliwa. Alizaliwa Dar es Salaam, Tanzania, mwaka 1969, akasomea kazi ya kuchora majengo, na mwaka 1992 akahamia Nairobi kuchora katuni katika gazeti la Nation. Kwa miaka mingi wasomaji wa Afrika Mashariki walifungua gazeti ili kwanza waone Gado amechora nini. Kwa kazi ya televisheni alishirikiana na Marie Lora-Mungai, mtayarishaji kutoka Ufaransa, na kampuni yao ikaitwa Buni Media.

Gado hakutoa wazo hili hewani. Uingereza ilikuwa na kipindi kilichoitwa Spitting Image, kilichoonyeshwa kuanzia mwaka 1984 hadi 1996, ambamo Waziri Mkuu Margaret Thatcher na hata jamaa ya kifalme waligeuzwa kuwa sanamu za mpira. Ufaransa ilikuwa na Les Guignols de l'info kwenye Canal+, kuanzia mwaka 1988 hadi 2018. Baadhi ya wasomaji wetu wa Bukavu na Goma waliokuwa na sahani ya satelaiti wanakumbuka kikaragosi PPD, mtangazaji wa Guignols, aliyefanana na mtangazaji maarufu wa Kifaransa Patrick Poivre d'Arvor. Keff Joinange ni ndugu mdogo wa PPD.

Lakini kuchukua wazo si sawa na kulipanda katika udongo mwingine. Mbegu ya viazi inayokua vizuri pembeni ya ziwa inaweza kukataa juu mlimani. Huko Ulaya, kumcheka mkubwa kwenye televisheni lilikuwa jambo la kawaida. Katika Afrika Mashariki ya 2009 lilikuwa jaribio, na hakuna aliyejua litaishia wapi.

Jinsi kikaragosi kinavyotengenezwa

Kwa sababu vijana wetu hupenda kujua kazi za mikono, tuseme kidogo juu ya ufundi wenyewe. Mchoraji huanza na karatasi. Anatafuta alama ambayo watu humjulia mtu: pua, namna ya kukunja paji la uso, jino, kofia. Kisha fundi hufinyanga kichwa kwa udongo laini, kikubwa kuliko kichwa cha mtu. Juu ya udongo huo hutengenezwa kalibu, yaani umbo la nje, na ndani yake humiminwa mpira wa majimaji unaokauka na kubaki laini kama ngozi. Baada ya hapo hupakwa rangi, hutiwa nywele na macho, na kushonewa nguo.

Kikaragosi kimoja mara nyingi huchezeshwa na watu wawili waliojificha chini ya meza. Mmoja anaushika mdomo na kichwa, mwingine anasaidia mikono. Sauti hutolewa na mtu wa tatu, fundi wa kuiga sauti. Kwa hiyo mkubwa mmoja wa mpira ana watu watatu ndani yake, na juu yao kuna waandishi waliokaa juma zima wakisoma magazeti ili kujua nani amesema nini. Hii ni kazi ya gharama. Mazungumzo ya dakika chache kati ya vikaragosi viwili yanahitaji kikosi kizima cha mafundi.

Tunataja hayo kwa sababu watu wengi hufikiri kuchekesha ni kupayuka. Kichekesho kizuri kinatayarishwa kama hubiri: mtu asome, achunguze, apime maneno, aondoe yasiyo na faida.

Kwa nini tunasema kilitangulia wakati wake

Ili kuelewa ujasiri wa kipindi hiki, yatupasa kukumbuka Kenya ilikotoka. Mwaka 1977, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, walicheza mchezo wa kuigiza katika lugha yao ya Gikuyu, wakisema juu ya ardhi na maskini. Leta ilisimamisha mchezo huo, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akafungwa karibu mwaka mzima bila kupelekwa mahakamani. Mwaka 1982 jumba la michezo la wanakijiji lilibomolewa. Hilo lilikuwa jukwaa la kijiji tu, wala si televisheni.

Televisheni ya serikali ilikuwa na vichekesho vyake, na vilipendwa sana. Vioja Mahakamani ilionyesha visa vya mahakama, na Vitimbi ilionyesha maisha ya nyumbani na hotelini, pamoja na Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Wazee wetu waliowahi kufanya biashara Nairobi au Kampala wanavikumbuka. Vilikuwa vichekesho vizuri, vya Kiswahili kitamu, lakini waliochekwa walikuwa mlevi, mwanamke mgomvi, mtu wa shamba asiyejua mji, mlinzi mjinga. Mkubwa wa nchi hakutajwa.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwishoni mwa miaka ya 1990. Vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliunda kundi liitwalo Redykyulass. Mong'are, aliyeitwa Nyambane, alimwiga Rais Daniel arap Moi: sauti yake, mwendo wake, fimbo yake. Moi alikuwa bado madarakani. Alitawala kuanzia mwaka 1978 hadi 2002. Watu walishika mdomo. Hawakuamini kwamba jambo hilo linaweza kuonyeshwa na kesho yake wachekeshaji wakaamka nyumbani kwao.

Kisha likaja giza. Uchaguzi wa tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 2007 ulileta mauaji ya kikabila. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Wengi walikufa kwa sababu ya maneno: maneno ya mikutanoni, maneno ya simu, maneno ya redio. Mtangazaji mmoja wa redio, Joshua Sang, alipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa huko La Haye pamoja na wanasiasa. Kesi yake ilisimamishwa mwaka 2016 bila hukumu.

The XYZ Show ilizaliwa mwaka mmoja tu na miezi michache baada ya moto huo. Hapo ndipo ujasiri wake ulipo. Ilichukua nyuso zilezile ambazo watu walikuwa wameuana kwa ajili yake, ikaziweka mezani pamoja, ikawaonyesha Wakenya wa makabila yote kwamba wakubwa hao wanakula pamoja, wanagombana kwa ajili ya magari na vyeo, na hakuna hata mmoja wao aliyelala katika hema la wakimbizi. Mtu aliyecheka mkubwa wa kabila lake na mkubwa wa kabila la jirani katika jioni moja, kesho yake ni vigumu kidogo kumchukulia jirani panga.

Kichekesho kinachojijua

Kuna jambo lingine lililofanya kipindi hiki kuwa kipya. Kilijijua. Maana yake ni nini?

Kichekesho cha kawaida kinataka usahau kwamba unatazama mchezo. Kinataka uamini kwamba ile ni nyumba ya kweli na yule ni baba wa kweli. The XYZ Show ilifanya kinyume. Ilikukumbusha kila wakati kwamba unatazama televisheni, na kwamba televisheni yenyewe ni mchezo. Kwa kutumia meza ya habari na suti ya mtangazaji, iliuliza: je, yule mtangazaji wa kweli unayemwamini kila jioni, naye hasemi maneno ambayo wengine wamemwandikia? Je, nyuma ya mkubwa anayesema hakuna mkono uliofichwa chini ya meza?

Mzee mmoja wa kanisa akitazama kikaragosi anaweza kusema, «Hiki ni kitu cha uongo.» Ni kweli, ni cha uongo, lakini hakifichi uongo wake. Ngozi yake inang'aa kama mpira. Mdomo haufuatani sawasawa na maneno. Jina limegeuzwa. Kila kitu kinapiga kelele: mimi si mtu huyu, mimi ni sanamu yake! Na kwa sababu kimekiri hivyo, mtazamaji anabaki huru kupima kilichosemwa. Hakuna aliyeweza kwenda sokoni akaapa kwamba alimsikia Rais mwenyewe akisema maneno ya kikaragosi.

Wazee wetu wa Bushi walijua ufundi huu kabla ya televisheni. Katika hadithi za jioni kando ya moto, sungura alimdanganya simba, na kila mtu aliyekaa pale alijua simba ni nani katika kijiji. Hakuna aliyemtaja. Mwenye kusikia alisikia. Mwenye hasira hakuwa na pa kushika, maana akisema «mnanisema mimi», amejitaja mwenyewe.

Na sisi huku Kongo?

Nchi yetu ina historia yake ya vichekesho, na inafaa tuitazame bila aibu.

Wakati wa Wabelgiji, serikali ilichuja filamu ambazo Waafrika waliruhusiwa kutazama. Mapadri wa Kikatoliki wakaanza kupiga filamu zao wenyewe kwa ajili ya Wakongomani. Katika miaka ya 1950, huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, watu wawili wenye vituko, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Watu walicheka sana. Lakini tukitazama leo, tunaona ni nani aliyechekwa: Mkongomani asiyejua kupanda baiskeli, Mkongomani mvivu kazini, Mkongomani anayeiga mzungu vibaya. Mwenye kamera hakuchekwa kamwe.

Baada ya uhuru ikaja televisheni ya taifa, na wakati wa Zaire habari za jioni zilianza kwa uso wa Rais Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Wenye umri wa miaka hamsini na zaidi wanaikumbuka picha ile. Hiyo nayo ilikuwa sanamu iliyotengenezwa na mafundi. Tofauti ni kwamba yenyewe haikukiri. Ilitaka watu waamini, hata kutetemeka. Sisi tunaosoma Maandiko tunajua ni nani peke yake anayengojewa kuja juu ya mawingu, na tulipaswa kuuliza swali mapema.

Katika miaka hiyo hiyo televisheni ilionyesha michezo ya kuigiza ya Kinshasa, na kundi la Salongo likapendwa nchi nzima kwa Théâtre de chez nous. Michezo hiyo ilisema juu ya ndoa, uchawi, mali ya marehemu, wakwe wabaya. Baadaye makanisa ya uamsho ya Kinshasa yalianza kutengeneza michezo yao kwa ajili ya kuhubiri. Ilisaidia wengi. Lakini ni mara chache kichekesho chetu kilipopanda ngazi hadi kwa mwenye cheo. Hata leo, katika michezo ya Noeli ya makanisa yetu, anayechekwa zaidi ni mwanakijiji mlevi na mama mchoyo. Herode hupewa nguo nzuri na kiti kizuri, na hakuna anayemcheka.

Uso wa bandia unaojificha

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo sababu kubwa ya maandishi haya.

Mwaka 2009, kutengeneza uso wa bandia wa mkubwa kulihitaji udongo, mpira, rangi, mafundi na fedha nyingi. Leo, kijana mmoja mwenye simu nzuri anaweza kutumia programu ya akili bandia na kumfanya mkubwa yeyote, mchungaji yeyote, kamanda yeyote, aseme maneno ambayo hakusema kamwe. Ngozi haing'ai kama mpira. Mdomo unafuata maneno. Jina halikugeuzwa. Video inapita kwenye WhatsApp kutoka Bukavu hadi Uvira, kutoka Goma hadi kwa jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani, nayo inarudi kwetu ikiwa na maandishi: «Sambaza haraka.»

Ndiyo maana tunasema Gado na wenzake walitangulia wakati wao. Bila kujua, walitufundisha kanuni tunayoihitaji leo: mwenye kutengeneza uso wa mtu mwingine akiri wazi kwamba ni bandia. Anayekiri anafanya kejeli, na kejeli inaweza kuwa na ukweli ndani yake. Anayeficha anashuhudia uongo, na hilo linakatazwa na amri ya Mungu iliyo wazi.

Huku kwetu jambo hili si la mchezo. Tangu mwaka 2025, wakati vita vilipofika Kavumu na kuingia Bukavu, tumeishi siku ambazo neno hupimwa kabla ya kutoka kinywani. Watu wanaogopa kusema, na mahali ambapo watu wanaogopa kusema, uvumi unapata nguvu. Sauti isiyojulikana inasema kabila fulani linajitayarisha. Video isiyojulikana inaonyesha maiti za nchi nyingine na kusema ni za Kabare. Mtu anatuma kwa sababu ana huruma, na huruma yake inageuka kuwa kuni za moto.

Upungufu wa kipindi hicho

Hatutaki kusifu bila kipimo. Kipindi cha XYZ kilikuwa na udhaifu wake.

Kwanza, fedha. Kwa kuwa kazi ni ya gharama na wafanyabiashara wengi wanaogopa kuweka matangazo mahali ambapo wakubwa wanachekwa, kipindi kilitegemea sana misaada ya wafadhili wa nje. Hilo lilitoa nafasi kwa wanaochekwa kusema kwamba ni kazi ya wageni. Kila kazi ya kweli inayolishwa na mkono wa mbali ina hatari hiyo, na mashirika yetu ya kanisa yanaijua vizuri.

Pili, hatari kwa mwenyewe. Mwezi wa kwanza mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la The EastAfrican, lililokuwa likichapa katuni za Gado. Mwaka 2016 mkataba wake na kampuni ya Nation haukuendelezwa. Anayewacheka wakubwa, hata kwa upole, ahesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Tatu, kicheko kinaweza kumsaidia anayechekwa. Huko Ufaransa wapo wanaosema mpaka leo kwamba kikaragosi cha Jacques Chirac katika Guignols kilimfanya apendwe, na kwamba kilimsaidia katika uchaguzi wa mwaka 1995. Mtu akizoea kumcheka mwizi kila jioni, mwisho anaweza kumwona mwizi kama mjomba wake. Kicheko kinafungua macho, lakini hakichukui mahali pa haki. Hata mchekeshaji mwenyewe anaweza kupanda kwenye kiti alichokuwa akikicheka: John Kiarie wa Redykyulass alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti South mwaka 2017. Hatusemi ni kosa. Tunasema tu kwamba sasa ni zamu yake kutazamwa.

Je, mkristo anaweza kumcheka mkubwa?

Ndugu wengi hujibu upesi kwa kutaja waraka wa Paulo kwa Waroma juu ya kutii wenye mamlaka. Hatuliondoi fundisho hilo. Lakini tukumbuke pia nabii Natani. Alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza kwa kumtukana. Alitengeneza hadithi ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Daudi alikasirika juu ya yule tajiri, akamhukumu, na ndipo akaonyeshwa kwamba amejihukumu mwenyewe. Hadithi ilikuwa uso wa bandia, na mwishoni Natani aliufunua. Tukumbuke Elia juu ya mlima Karmeli, alivyowadhihaki manabii wa Baali walipokuwa wakipiga makelele tangu asubuhi. Na Bwana wetu mwenyewe aliposema juu ya mtu mwenye boriti jichoni anayetaka kutoa kibanzi katika jicho la mwenziwe, hatufikiri wasikilizaji wake walikaa kimya kama watu wa matanga.

Kwa hiyo swali jema ni hili: unamcheka nani, na kwa nini? Kumcheka kilema, mjane, mkimbizi, mtu wa kabila dogo au mama aliyebakwa ni dhambi, hata kama watu wote kanisani wanacheka. Kumcheka mwenye nguvu ili akumbuke kwamba yeye ni mtu kama sisi kunaweza kuwa tendo la upendo, kwake na kwa watu wake. Huku Lwiro, ambako tunaishi karibu na kituo kinachotunza sokwe na nyani yatima, tunajua vizuri methali isemayo nyani haoni kundule. Kila mkubwa anahitaji mtu wa kumwambia. Na mchungaji ni mkubwa pia. Kanisa ambalo vijana wake hawathubutu kuigiza hata kidogo namna mchungaji anavyoongeza matoleo manne katika ibada moja, kanisa hilo lina ugonjwa wa mawingu ya Mobutu.

Mambo ya kushika

Kwa makundi ya michezo ya kuigiza katika makanisa yetu, na kwa kila mwenye simu, tunapendekeza mambo haya machache.

Mkitengeneza mchezo, tafuteni kwanza aliye na nguvu katika kisa chenu. Herode, Farao, tajiri mwenye ghala, hakimu asiyejali mjane: hao ndio wanaostahili kuchekwa.

Mkimwiga mtu, ionekane wazi kwamba mnaiga. Badilisheni jina, vaeni kofia kubwa kupita kiasi, tumieni vikaragosi vya maboga, vitambaa au majani ya migomba. Hakuna gharama kubwa. Watoto wa shule ya siku ya Mungu wanaweza kuvitengeneza kwa siku moja.

Msirekodi na kutuma michezo inayoweza kukatwa vipande na kugeuzwa maana. Kichekesho kilichochezwa mbele ya watu wanaojuana kina ulinzi ambao video haina. Katika siku hizi, tufikiri sana juu ya usalama wa vijana wetu kabla ya kutafuta sifa.

Ukipokea video ya mkubwa anayesema maneno ya kuchoma moyo, jiulize mara tatu kabla ya kuituma: Nani aliyeitengeneza, na je, amejitaja? Inaonyesha mahali gani na siku gani, na je, kuna mtu ninayemwamini aliyekuwa pale? Nikiituma na ikawa ya uongo, ni nani atakayelipa? Ukikosa jibu hata kwa swali moja, ifute. Kunyamaza kwako kunaweza kuwa kumemwokoa jirani.

Mwisho, tusiogope kicheko. Watu wetu wamelia kwa miaka thelathini. Jioni ambapo familia inacheka pamoja, hata kama umeme haupo na taa ni ya mafuta, ni jioni ambayo vita haikuichukua. Bwana awape wachekeshaji wetu hekima ya Natani, na awape wakubwa wetu moyo wa Daudi, wa kusikia na kutubu.